Tredi ya Wembanyama Iliyovunja Grupu la Mlandege: Mwizi Hakuwepo, Kulikuwa na Kura

Pale Mlandege, Iringa, kuna washkaji wawili hawasalimiani. Sababu siyo mwanamke, siyo deni, siyo mpaka wa kiwanja. Sababu ni Victor Wembanyama, Mfaransa mrefu wa San Antonio Spurs, ambaye hata mmoja wao hajawahi kumuona kwa macho yake.

Majina kapuni, maana wote wawili wana biashara na wateja. Mmoja ni fundi simu. Mwingine ana stationeri, na ndiye admini wa ligi yao ya fantasi ya NBA. Ligi ina watu kumi, wengi wamekua pamoja tangu shule ya msingi, na kila mmoja alitoa 20,000. Laki mbili mezani, mshindi anabeba zote.

Mwanzoni mwa Februari 2025, fundi simu alikuwa anammiliki Wembanyama, ila timu yake ilikuwa imepwaya kwenye asisti. Akamfuata dereva bajaji mmoja wa humohumo kwenye ligi, wakaelewana kiutu uzima: wa bajaji achukue Wembanyama, yeye apewe Cade Cunningham wa Detroit na Ivica Zubac wa Clippers. Wote wawili wakabonyeza kukubali. Kwa sheria yao, tredi inakaa siku mbili na wale wanane waliobaki wanaweza kuipinga. Zikifika kura nne, imekufa.

Admini akarusha sauti kwenye grupu: "Jamani, tusikubali kaka yetu aibiwe mchana kweupe." Kabla ya saa nne asubuhi kura tano zilishapigwa. Tredi ikafutwa, emoji za kucheka zikamwagika, maisha yakaendelea.

Tarehe 20 Februari San Antonio wakatangaza kwamba Wembanyama ana damu iliyoganda kwenye mshipa wa bega la kulia. Msimu wake ukaishia hapo. Cunningham yeye akaendelea kukiwasha, akamaliza na wastani wa pointi 26 na asisti 9 kwa mechi. Fundi simu akabaki na jina kubwa lisiloingiza hata pointi moja, na nafasi ya tatu aliyokuwa anaishikilia ikayeyuka. Laki mbili ilienda kwa admini.

Fundi simu hakutukana mtu. Alilefti tu. Tatizo ni kwamba grupu lile halikuwa la kikapu peke yake. Ndilo lilikuwa grupu la michango ya harusi, la kutafutiana vibarua, la taarifa za misiba. Miezi miwili baadaye alipofiwa na shangazi yake, nusu ya washkaji walijua matanga yakiwa yanaanuliwa. Hapo ndipo tredi ya kwenye simu ilipoacha kuwa mchezo.

Kwa nini hii siyo kama FPL

Kitaa wengi wanaijua fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza. Mtu anapewa pauni milioni 100 za kuchezea, ananunua wachezaji 15, wasiozidi watatu kutoka klabu moja. Akimtaka Haaland anamchukua, na jirani yake naye anamchukua, na hakuna aliyemnyima mwenzake. Akifanya usajili wa kijinga, kajiumiza mwenyewe.

Ligi za kikapu za washkaji, zile za kuchagua wachezaji kwa zamu, ni habari nyingine. Mchezaji mmoja, mmiliki mmoja. Akishachukuliwa, njia ya kumpata ni kumfuata mwenye naye na kuongea bei: nipe huyu, chukua wale wawili. FPL inapima nani anaujua mpira. Ligi hizi zinapima pia jinsi marafiki wanavyofanyiana biashara, na palipo na biashara hakosekani anayehisi kapigwa.

Ndiyo maana kuna kura ya turufu. Kazi yake ya asili inaeleweka. Mtu wa mkiani aliyekata tamaa anaweza kumgawia rafiki yake wachezaji bure ili mgawane zawadi. Hiyo ni hujuma, na lazima izuiwe. Lakini kwenye magrupu mengi turufu imeshaacha kazi hiyo. Mtu haulizi tena, "Je, hawa wawili wamepangana?" Anauliza, "Je, tredi hii itaniumiza mimi?"

Mlandege ilionekana wazi. Kati ya waliopinga, watatu walikuwa wanagombea nafasi za juu na fundi simu. Mmoja alikiri baadaye, huku anacheka, kwamba alipinga kwa sababu muuzaji na mnunuzi wote ni Simba, na yeye kama Mwananchi hawezi kuwaacha Wanyama wawili wapeane raha. Utani mtamu, ila ulipigiwa kura. Clatous Chama alipomaliza mkataba wake Simba na kuvuka kwenda Yanga Julai 2024, mashabiki walilia, walirusha maneno, lakini hakuna aliyepewa kitufe cha kumrudisha. Kwenye fantasi kitufe kipo, na mwenye hasira anakibonyeza.

Bei haijulikani na mtu

Wapiga turufu wana hoja moja wanayoipenda: tredi haina usawa. Swali ni nani anaujua huo usawa.

Juni 2009 Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, aliingia NBA akiwa chaguo namba 2, Mtanzania wa kwanza kufika huko. Memphis Grizzlies waliomchukua walikuwa na makocha, madaktari, watu wa kuangalia video na pesa ya kuwalipa wote hao. Chaguo namba 3 alikuwa James Harden. Namba 7 alikuwa Stephen Curry. Februari 2011 Memphis wakamtoa Hasheem kwenda Houston, kwenye kifurushi kimoja na DeMarre Carroll na haki ya kuchagua mchezaji wa raundi ya kwanza, ili wampate Shane Battier. Machi 2012 Houston wakamtuma Portland. Agosti 2014 Oklahoma City wakampeleka Philadelphia, na huko hakucheza hata mechi moja kabla ya kuachwa.

Hapa hasemwi Hasheem. Kutoka Dar hadi namba 2 ya NBA ni safari ambayo wengi hawaiwezi hata kuiota. Hoja ni kwamba watu wanaolipwa mshahara kujua thamani ya mchezaji walikuwa na Curry mbele yao na wakampita, siyo Memphis tu. Sasa watu wanane waliofungua macho asubuhi, bando linaelekea kuisha, wanaipata wapi mizani ya kusema Wembanyama kwa Cunningham na Zubac ni wizi? Wiki mbili baadaye huo "wizi" ndio ungekuwa tredi bora ya msimu kwa yule waliyedai wanamlinda.

Admini mwenye timu

Halafu kuna suala la admini. NBA yenyewe iliwahi kuingia kwenye shimo hilihili. Desemba 2011 Chris Paul alikuwa anakwenda Los Angeles Lakers kwa makubaliano ya timu tatu, Houston nayo ikiwemo. Kamishna David Stern akayazuia. Kilichowasha moto ni kwamba wakati huo timu ya Paul, New Orleans Hornets, ilikuwa inamilikiwa na NBA yenyewe. Mwamuzi alikuwa pia ndiye bosi wa muuzaji. Siku chache baadaye Paul akaenda kwa majirani, Clippers, na mpaka leo mashabiki wa Lakers hawajasahau.

Inawezekana kabisa Stern alikuwa sahihi kikapu. Haikusaidia. Mtu mwenye maslahi akishatoa hukumu, hata hukumu ya haki inanuka. Admini wa Mlandege naye huenda alirusha ile sauti kwa moyo mweupe kabisa. Lakini alikuwa wa pili kwenye msimamo, na mwisho wa msimu laki mbili iko mfukoni kwake. Hakuna maelezo yatakayomtosheleza fundi simu.

Na wale wanaoibiwa kweli?

Upande wa pili nao una hoja, na siyo ndogo. Kila ligi ina mgeni: ameingizwa na rafiki, anawajua LeBron na Curry, basi. Na kila ligi ina mjanja anayemfuata usiku, inboksi, na kumuuzia mbuzi kwenye gunia. Turufu ikifutwa, nani atamlinda huyo?

Jibu linapatikana kwenye kituko kikubwa kuliko vyote vya wiki ileile. Usiku wa kuamkia Februari 2 kwa saa za Marekani, huku Iringa watu wakiwa wanakunywa chai ya Jumapili, habari zikavuja kwamba Dallas wamemuuza Luka Dončić kwa Lakers. Alikuwa na miaka 25, na miezi minane nyuma alikuwa amewafikisha fainali. Dallas walimpata Anthony Davis, Max Christie na haki moja ya kuchagua mchezaji raundi ya kwanza mwaka 2029. Davis akaumia kwenye mechi yake ya kwanza. Mashabiki wakaandamana, na Novemba 2025 meneja aliyeuza, Nico Harrison, akafukuzwa kazi. Mlandege waliopinga tredi ya fundi simu walikuwa bado na mshtuko huo. Mmoja aliandika kabisa: "Tusizalishe Nico wa Iringa."

Ila walikosea kusoma somo. Kosa la Dallas lililosemwa zaidi ya yote lilikuwa kuuza kimyakimya. Harrison na Rob Pelinka wa Lakers walifahamiana tangu enzi za Kobe Bryant, wakamalizana wao kwa wao, na timu nyingine hazikupata hata nafasi ya kuuliza bei. Zingejua Dončić yuko sokoni, zingepanga foleni.

Muuza nyanya sokoni Mlandege hili halimsumbui. Tenga likiuzwa bei ya kutupa, wenzake hawapigi kura kulirudisha tenga. Mteja wa pili anasema, "Mama, ungenishtua, mimi ningekuongezea." Kinachomlinda muuzaji ni kelele za soko. Mnunuzi mjanja anapenda kichochoro kwa sababu huko hakuna wa kuongeza dau.

Kwa hiyo dawa ya mgeni anayeonewa ni hii: hakuna mchezaji kuuzwa kabla ya kutangazwa. Mwenye naye aandike kwenye grupu, "Wembanyama yuko sokoni, natafuta asisti," na asubiri saa 24. Wanaoona bei ni ndogo waongeze zao. Wasiotaka kuongeza wanyamaze, maana wamepewa nafasi ya kuzuia "wizi" kwa mfuko wao na wameikataa. Wale watano wa Mlandege, kama kweli waliona Wembanyama anatupwa, wangeleta ofa bora. Hakuna aliyeleta.

Hujuma ibaki na adhabu, lakini iwe na ushahidi: skrinshoti ya kupangana, au mtu wa mwisho kutoa nyota bila kupokea chochote. Na hukumu hiyo isitolewe na mtu mwenye timu. Kila kitaa kina mshkaji anayeamka saa tisa na nusu usiku kuangalia mechi lakini hataki kucheza fantasi. Huyo apewe filimbi.

Wapo watakaosema huku ni kuukuza mchezo. Kwa FPL wangekuwa sahihi. Kwa ligi hizi, watu wanaosimama nyuma ya timu ni haohao wanaobebana kwenye harusi na kuchimbiana makaburi, na mtu akiondoka na kinyongo haondoki kwenye kikapu peke yake. Kuuza vibaya hakujawahi kumfanya mtu alefti. Mtu akijipiga mwenyewe anachekwa wiki mbili, naye anacheka, msimu unaofuata anarudi na hasira za kushinda. Kinachomuondoa ni kuona watu anaowaita ndugu wamekaa pembeni na kumuamulia.

Msimu wa NBA unaanza kila Oktoba, na magrupu yataanza kukusanya 20,000 zao. Kabla hata ya kuchagua mchezaji wa kwanza, sheria iandikwe na ibandikwe juu ya grupu. Na la kikapu litenganishwe na la misiba, ili mwenye hasira na Wembanyama apate mlango wa kutokea bila kuwakosa watu wake siku anayowahitaji.