Reli ya Upana wa Rula

Wasomaji wetu wa Kahama na Buzwagi wanajua jinsi watoto wa huku wanavyolipenda gari la moshi. Mzee akiwa na safari ya Isaka, wajukuu humganda wapate kuyatazama mabehewa katika ile reli iliyofika Mwanza mwaka 1928. Basi tulipojaaliwa kwenda London kumzuru binti yetu, hatukustaajabu kuona wanawe watatu, mkubwa wa miaka minane na mdogo wa minne, wakishikilia kwamba babu apelekwe kwanza kwenye reli.

Reli hiyo iko Ruislip Lido, nje kidogo ya jiji, kandokando ya ziwa dogo lenye msitu. Tulipoiona tulidhani ni kichezeo. Bwana mmoja mwenye mvi, aliyekuwa akikata tikiti, akamwambia mjukuu wetu mkubwa kuwa rula ya shule ya inchi 12 ndiyo kipimo cha nafasi iliyopo baina ya vyuma viwili. Reli ya Isaka ni mita moja kamili, na hii mpya ya umeme iliyoanza kupeleka abiria Dodoma mwaka 2024 ni milimita 1,435. Walakini hiyo ya rula hubeba watu wazima pia, na safari yake yapata kilomita mbili. Sisi tulikaa magoti yakikaribia kidevu.

Mdogo alilia. Alikuwa ameahidiwa gari la moshi, naye hakuona moshi, kwani siku hiyo mtambo uliovuta ulikuwa wa dizeli. Ule wa mvuke, uitwao Mad Bess, ulikuwa umepumzishwa. Kumbe mtambo huo waliuunda wenyewe kwa mikono yao, kwa muda wa zaidi ya miaka kumi, hata wakaumaliza mwaka 1998.

Na hao "wenyewe" ndio waliotushughulisha mawazo. Reli ilianza mwaka 1945. Mwaka 1978 gari likaacha njia, watu wakaumia, na safari zikasimamishwa. Mwaka 1980 jumuiya ya watu wa kujitolea ikaichukua. Dereva, mkata tikiti, mwenye bendera, mtengeneza njia, wote hawana mshahara. Nauli hulipwa, lakini fedha hiyo huirudia reli. Tulimwona kijana mmoja akipita behewa kwa behewa kutazama kama kila mtoto amerudisha mkono ndani. Kisha akarudi akatazama tena, wala hapakuwa na msimamizi.

Mjukuu wetu wa kati akatuuliza, "Babu, kama hawalipwi, mbona hawaendi nyumbani?"

Tuliporudi Buzwagi tuliyasimulia haya barazani baada ya sala ya isha. Yafaa kumkumbusha msomaji wa mbali kwamba mgodi wa hapa ulianza kutoa dhahabu mwaka 2009 na ukafungwa mwaka 2021, na watu wengi hapa waliishi kwa kuhesabu tarehe ya mshahara. Wakacheka. Mmoja akasema, "Mtu hajui wanawe watakula nini jioni, nawe wamwambia afanye kazi bure?"

Maneno yake ni ya haki, nasi hatukumpinga. Kuwalisha mke na watoto ni wajibu, na hao wa Ruislip tuliozungumza nao aghalabu walikuwa wazee wenye pensheni. Lakini watu wa baraza ile ile huchimba kaburi bila ujira, huosha maiti, hubeba masufuria ya msibani, na wengine hufundisha chuoni miaka na miaka. Kufanya kazi bure si jambo geni kwetu. Ila twaitoa kazi hiyo kwa upesi zaidi penye msiba. Mtoto akitaka furaha ya saa moja twamwambia akacheze huko. Naye huenda huko, na huko kwenyewe baadhi yetu hatukujui.

Mtu mmoja hakucheka. Ni jirani yetu, mchomeaji vyuma, aliyefanya kazi mgodini mpaka siku za mwisho, na sasa hutengeneza mageti na vitanda. Alituuliza jinsi magurudumu yanavyoshikamana na ekseli, na kona kali kabisa ina upana gani. Hatukuweza kumjibu. Mwisho akauliza nafasi iliyopo baina ya vyuma, na hilo tuliliweza, maana mjukuu wetu mkubwa alitutilia rula yake mfukoni tuwapelekee binamu zake.

Tumeagana kukutana uani kwake Jumamosi baada ya adhuhuri, kwa kuwa asubuhi ana geti la mtu. Vyuma chakavu anavyo. Magurudumu bado.