Leseni peke yake haishushi lori Kitonga

Lori lililopakia shaba Zambia au Kongo, likishapita Tunduma kuelekea bandari ya Dar es Salaam, lazima lishuke mteremko mkali wa Kitonga. Sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu hadi tani 56, gari pamoja na mzigo. Uzito huo wote anaachiwa mtu mmoja mwenye leseni ya daraja E.

Dereva anayeijua kazi hupunguza mwendo na kuingiza gia nzito kabla mteremko haujaanza, injini ikalishika gari, naye breki akazigusa kidogo kidogo. Asiyeijua, au anayeijua lakini anabana mafuta, huweka gia huru. Hapo injini haishiki tena. Breki ndizo zinazobeba kila kitu: ngoma zinapata moto, moshi unafuka kwenye matairi ya nyuma, mwisho mguu unakanyaga na gari halisikii. Kesho yake taarifa inasema breki zilifeli. Hazikufeli, zilichomwa.

Wengi wamejifunzia wapi? Utingo hupewa usukani usiku, suka akichoka, na bosi hana habari. Shule hiyo imetoa madereva hodari, hatubishi, ila humrithisha mwanafunzi hata makosa ya mwalimu wake.

Vyuo tunavyo. NIT na VETA wanafundisha udereva, na tangu 2020 mamlaka ya usafiri ardhini, LATRA, ina kanuni za kuthibitisha madereva wa magari ya biashara. Lakini cheti kitafanya nini kwa mtu anayelipwa kwa safari, ambaye dizeli inayobaki kwenye tangi ndiyo ada ya mtoto? Chuo kilimfundisha kwa wiki chache. Malipo yanamfundisha kila siku, tena kinyume. Tajiri anayeendesha kampuni hivyo asijitie kushangaa lori lake likipinduka.

Mtihani wa daraja E ufanyike mteremkoni, gari likiwa na mzigo. Mmiliki asipewe leseni ya usafirishaji mpaka aonyeshe vyeti vya madereva wake na mikataba yenye mshahara wa mwezi. Na ajali ikitokea, polisi wakimaliza kumhoji dereva, waende ofisini kwa mwenye gari wakaulize: alimpa lita ngapi, na alimtaka afike lini?