Thamani Imeandikwa Mgongoni



Toleo hili tumelijenga juu ya picha moja. Mwanzoni mwa mwaka 1955, mwigizaji James Dean alikatiza Times Square, New York, siku ya mvua. Amevaa koti refu jeusi, ukosi ameuinua, mikono ameizamisha mifukoni, sigara iko mdomoni. Barabara imelowa mpaka inarudisha taswira yake, na majengo yaliyo nyuma yamefifia kwenye ukungu. Aliyeshika kamera ni Dennis Stock, mpigapicha wa habari wa shirika la Magnum. Leo nakala za picha hiyo zenye saini yake huuzwa katika nyumba za sanaa na minadani, na wakusanyaji huzitafuta kwa bidii.

Ukiuliza sababu, wengi watakujibu: kifo. Dean alifariki kwa ajali ya gari huko California tarehe 30 Septemba 1955, akiwa na miaka 24, baada ya kushika nafasi kubwa katika filamu tatu tu. Mbili kati ya hizo zilitoka yeye akiwa tayari kaburini. Jibu hilo lina ukweli, lakini halitoshi. Kifo kilipandisha bei ya kila kitu kilichomhusu Dean, zikiwemo picha nyingi zilizogawiwa na kampuni za filamu. Hakielezi kwa nini hii ilizipita nyingine. Nashikilia kwamba kilichoipa picha hii thamani ni nidhamu ya uanahabari, na kwamba sisi tunaoishi kwa picha tuna deni la kujifunza nidhamu hiyo.

Tazama jinsi kazi ilivyofanyika. Stock alikutana na Dean mjini Los Angeles, nyumbani kwa mwongozaji Nicholas Ray, kabla filamu ya East of Eden haijaanza kuonyeshwa. Umma haukuwa umemjua kijana huyo. Stock alipomwona kwenye onyesho la awali la filamu hiyo alitambua kwamba hapo pana habari, akalipelekea jarida la Life pendekezo. Kisha wakasafiri pamoja hadi Fairmount, Indiana, kwenye shamba la shangazi na mjomba waliomlea Dean baada ya mama yake kufariki. Akampiga picha katikati ya ng'ombe na nguruwe, shuleni alikosoma, na hata akiwa ameingia ndani ya jeneza dukani. Halafu New York, alikojifunzia usanii. Life ilichapisha habari hiyo tarehe 7 Machi 1955, siku mbili kabla ya uzinduzi wa filamu.

Kwa hiyo picha ya Times Square ni sehemu ya ripoti. Ina tarehe, ina mahali, ina kabla na baada. Inaonyesha mtu ambaye wapita njia bado hawana sababu ya kumgeukia. Wiki chache baadaye isingewezekana kuipata, kwa sababu Dean huyo hakuwapo tena; alikuwapo Dean nyota. Ukusanyaji wa picha huanzia hapo: anayeinunua ananunua ushahidi wa saa ambayo haitarudi.

Linganisha na picha za mastaa zilizopigwa studio. Mpigapicha George Hurrell, aliyefanya kazi na kampuni ya filamu ya MGM, alikuwa fundi wa taa asiye na mfano, na simdharau hata kidogo. Lakini picha za aina ile zilikuwa tangazo. Madoadoa ya usoni yalifutwa kwenye negativu, mastaa walipambwa, na nakala ziligawiwa bure kwa magazeti na mashabiki, mara nyingi bila jina la mpigapicha. Kampuni zenyewe hazikuziheshimu. Miaka ya baadaye zilitupa negativu nyingi, na sehemu ya hazina hiyo iliokolewa na mkusanyaji mmoja, John Kobal, aliyeziona lulu pale wengine walipoona takataka.

Kwa Stock mambo yalikuwa tofauti, na tofauti hiyo ilipangwa. Magnum iliundwa mwaka 1947 na wapigapicha Robert Capa, Henri Cartier-Bresson, George Rodger na David Seymour kwa msimamo ulio wazi: jarida linanunua haki ya kuchapisha, lakini negativu na hakimiliki vinabaki kwa aliyepiga. Ndiyo maana Stock aliweza, miongo kadhaa baadaye, kutoa nakala mpya kutoka negativu ileile na kuzitia saini kwa mkono wake. Msimamo wa kazi uligeuka urithi.

Sasa igeuze picha uangalie mgongoni. Nakala za magazeti za zamani zina mihuri ya shirika, maelezo yaliyobandikwa, namba za jalada na alama za kalamu za wahariri. Zamani zilionekana kama vitendea kazi tu, zilizokwenda kwa mhariri na kurudi kabatini. Mwaka 2010 karibu nakala 200,000 za aina hiyo kutoka ofisi ya Magnum ya New York zilinunuliwa kwa pamoja, na sasa zimetunzwa katika kituo cha Harry Ransom cha Chuo Kikuu cha Texas, Austin. Ile mihuri iliyoonekana uchafu ndiyo inayosema picha ilipita wapi na ilisafishwa lini.

Pasipo ushahidi huo, mlango wa ulaghai uko wazi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 iligundulika kwamba baadhi ya nakala zilizouzwa kama kazi ya mkono wa mpigapicha Lewis Hine, aliyefariki mwaka 1940, zilikuwa kwenye karatasi iliyotengenezwa baada ya kifo chake. Karatasi hiyo iling'aa chini ya taa ya miale ya urujuanimno kwa sababu ya kemikali ambazo viwanda vilianza kuzitia miaka ya 1950.

Jambo hili linatugusa. Mpigapicha Priya Ramrakha, mzaliwa wa Nairobi, alilifanyia kazi jarida hilohilo la Life hadi alipouawa akiripoti vita vya Biafra, Oktoba 1968. Sehemu kubwa ya kazi yake ilikaa miaka mingi katika gereji jijini Nairobi kabla ya kufufuliwa na kuchapishwa kitabu mwaka 2018. Ilifufuka kwa kuwa negativu zilibaki. Je, picha za mwigizaji wetu Steven Kanumba, aliyefariki Aprili 2012, zinazopita leo kutoka simu hadi simu, ni ngapi zina jina la aliyezipiga, tarehe na mahali? Tunamlilia nyota wetu huku tukimfuta aliyetuhifadhia sura yake.

Basi kurasa zinazofuata zina kazi ya kufanya, na nawaomba wasomaji waifanye pamoja nasi. Wahariri wenzangu, chapeni jina la mpigapicha chini ya kila picha, hata iwe ndogo kiasi gani. Wapigapicha, someni mkataba kabla ya kusaini, mhakikishe haki ya mafaili na negativu haiondoki mikononi mwenu. Wenye albamu nyumbani, andikeni mgongoni kwa penseli laini: nani, wapi, lini, na nani alipiga, kisha zitunzeni mbali na jua na unyevu, hasa nyie wa pwani, mnaojua jinsi ukungu unavyokula karatasi. Na ukitaka kununua, uliza nakala ilitolewa lini, nani aliisimamia, zimetolewa ngapi, na imepitia mikono ya nani. Muuzaji mkweli atakujibu yote manne.

Wapigapicha wetu wa habari wako kazini leo, kwenye seti za filamu, misibani na majukwaani. Soko la picha zao litakuja siku sisi wenyewe tutakapoanza kuziheshimu kama ushahidi, na heshima hiyo haigharimu zaidi ya jina na tarehe.

Mhariri