Wazee Wanahitaji Mikono Iliyofunzwa

Mwezi wa Aprili 2016, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianza kumlipa kila mkaazi aliyetimiza miaka 70 pencheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, bila ya kuuliza kama aliwahi kuajiriwa. Mvuvi, mkulima wa karafuu na mama aliyelea wajukuu walihesabiwa sawa na karani wa Serikali. Hatua hiyo iliendeleza kazi iliyoanza baada ya Mapinduzi ya 1964, pale Serikali ya Mzee Abeid Amani Karume ilipowapa makazi, Sebleni na Welezo, wazee wasio na wa kuwatunza.

Hakuna mwananchi mwenye nia njema atakayezibeza hatua hizo. Hata hivyo, fedha haimgeuzi kitandani mzee aliyepooza, wala haimpimi shinikizo la damu. Kazi hiyo hufanywa na mikono ya watu, na mikono hiyo haina budi ifunzwe.

Tangu zamani mzee wa Unguja alitunzwa na binti zake na wajukuu. Desturi hiyo ni njema na yapasa idumishwe. Lakini binti wa leo yumo kazini: ofisini, darasani, au katika hoteli za Nungwi na Paje. Wengine wamevuka bahari kwenda Oman kufanya kazi za nyumbani, na huko wapo wanaowatunza wazee wa watu ilhali wazee wao wamebaki mikononi mwa watoto wa skuli. Katika Mji Mkongwe, mzee wa ghorofa ya juu ambaye magoti yamemshinda huwa mfungwa wa ngazi za nyumba yake mwenyewe.

Wapo watakaosema kwamba Zanzibar ni nchi ya vijana. Ni kweli kwa hesabu. Lakini mtoto aliyezaliwa mwaka wa Mapinduzi alitimiza miaka 60 mwaka 2024. Kizazi kilichosomeshwa bila ya malipo na Mapinduzi hayo ndicho kinachoingia uzeeni, na muuguzi hafunzwi kwa siku moja.

Chombo cha kuifanya kazi hii kipo. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kiliundwa kwa sheria ya 1999, na mwaka 2016 kiliunganishwa na Chuo cha Sayansi za Afya cha Mbweni. Yafaa kila mwanafunzi wa udaktari, uuguzi na ustawi wa jamii apitie somo la lazima la utunzaji wa wazee, na afanye mazoezi Sebleni, Welezo na majumbani katika shehia. Ajue kuzuia vidonda vya kulala muda mrefu. Ajue kumwelimisha mke wa mgonjwa wa kisukari. Aweze kuieleza familia kwamba mzee anayesahau majina ya wanawe ana maradhi, hakurogwa. Sambamba na hayo, yafaa yawepo mafunzo mafupi, kwa Kiswahili, kwa wale wanaotunza wazee majumbani.

Hata hivyo, mzigo huu si wa Chuo peke yake. Maofisa wanaopanga ikama za wizara hawana budi watenge nafasi za kazi hizo na mishahara yake. Chuo kikifundisha na wizara zisiajiri, wahitimu watavuka bahari kama walivyovuka dada zao, na Unguja itakuwa imesomesha watumishi kwa ajili ya wazee wa wengine. Walimu nao wana wajibu wa kuwaonesha vijana, wa kiume na wa kike, kwamba kumtunza mzee ni taaluma yenye heshima.

Pencheni ilithibitisha kuwa mzee wa Zanzibar hakusahauliwa. Sasa inapasa apatikane mtu aliyefunzwa wa kumbishia hodi.