Kupanda Matumbawe si Kuhesabu Vipande

Katika sehemu kadhaa za mwambao wetu wananchi wamejitolea kuifufua miamba ya matumbawe. Hukata vipande kutoka matumbawe yaliyo hai, huvitunza kwenye vitalu chini ya maji, navyo vikishakua huvipandikiza pale palipoharibiwa na baruti, nanga na nyavu za kukokota. Ni kazi ya kujivunia. Hata hivyo, taarifa inayofika ofisini ikiwa na tarakimu moja tu, yaani idadi ya vipande vilivyopandwa, taarifa hiyo haijasema lolote la maana. Kinachoamua kama vipande hivyo vitakuwa mwamba au kifusi ni joto la maji.

Inafaa ieleweke kwamba tumbawe si jiwe wala mmea. Ni kundi la viumbe wadogo wanaojijengea nyumba ya chokaa. Ndani ya miili yao mna mwani mdogo mno, usioonekana kwa macho, ambao kwa nguvu ya jua hutengeneza chakula na kumpa mwenyeji wake sehemu kubwa ya riziki. Maji yakiongezeka joto, ujenzi wa chokaa nao huongezeka kasi, lakini una kikomo, na kikomo hicho ki karibu mno na joto la kawaida la mwezi mkali kuliko yote katika mwaka. Nyuzi 1 ya Selsiasi ikizidi hapo na kudumu majuma kadhaa, mwani huanza kutoa vitu vyenye sumu, naye mwenyeji huufukuza. Tumbawe hubaki jeupe na lenye njaa. Joto likishuka mapema hupona, likiendelea hufa.

Hapo pana mtego ambao wapangaji wa miradi hawana budi kuutazama. Matumbawe ya matawi huweza kurefuka sentimita 10 au zaidi kwa mwaka, wakati yale ya mabonge huongezeka kiasi cha sentimita 1 tu. Kwa hiyo vitalu hupendelea ya matawi, maana matokeo yake huonekana upesi na hupendeza katika picha. Lakini hayo hayo ndiyo hutangulia kufa maji yanapochemka. Mwaka 1998 bahari yetu ilipopata joto lisilo la kawaida, Mafia, Pemba na pwani ya Kenya zilipoteza matumbawe mengi, na ya matawi ndiyo yaliyoumia zaidi. Huko Florida, Marekani, wenye fedha na vyombo vya kila aina, joto la mwaka 2023 liliua matumbawe yaliyopandikizwa kwa miaka mingi, na wataalamu wakalazimika kuhamisha mengine kutoka vitaluni hadi kwenye matangi ya nchi kavu. Mwezi Aprili 2024 ilitangazwa kwamba dunia imo katika wimbi la nne la matumbawe kupauka, na pwani yetu haikusalimika.

Joto hili halikuletwa na mvuvi wa Kilindoni. Nchi zenye viwanda vikubwa ndizo zilizochoma makaa na mafuta kwa zaidi ya karne moja, nasi hatutachoka kulisema hilo mbele yao. Lakini madai hayo hayatuzuii kuchagua wapi, lini na nini tupande.

Majira tunayajua tangu enzi za mababu. Wakati wa kusi maji hushuka hadi kiasi cha nyuzi 25. Mwisho wa kaskazi, mwezi Machi, hufika 29 na kupita. Kipande kilichokatwa Januari huingia katika joto hilo kikiwa bado na jeraha. Mawimbi ya kusi hayamruhusu mpiga mbizi kufanya kazi, hilo ni kweli. Basi demani ndiyo nafasi, bahari ikiwa imetulia na maji yangali baridi. Mahali nako kuna uzito: penye mkondo na karibu na maji ya kina kirefu, kama yale ya mlango wa Pemba, joto hupungua kuliko katika kidimbwi kilichotuama. Na mbegu ichukuliwe kwenye matumbawe yaliyopita salama katika joto la 2024. Wavuvi wanayajua yalipo, ila ni nadra kuulizwa.

Kwa hiyo tunawataka maofisa wanaohusika wabadili fomu zao. Pamoja na idadi ya vipande, iandikwe aina yake, mwezi wa kupandwa, joto la maji kila juma tangu Desemba hadi Mei, na idadi ya vilivyo hai ifikapo Juni. Shule za pwani zinaweza kusaidia: kipimajoto, kamba, mtumbwi, mtu mzima wa kusimamia, na mwalimu wa sayansi mwenye daftari. Kitalu kisichokuwa na daftari la joto kisipewe fedha za msimu unaofuata mpaka kiwe nalo.