Mizani ya Shule Zetu za Kata

Kila mwaka yatokapo matokeo ya Kidato cha Nne, watu huketi barazani wakizipanga shule za sekondari za kata: hii ya kwanza, ile ya mwisho. Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza shule bora Januari 2023. Walakini desturi ile haikufa, imehamia vinywani mwetu.

Mimi ni mwalimu, nami nasema wazi kwamba mizani hiyo ni ya uongo. Sisemi shule zisilinganishwe, maana mzazi ana haki ya kujua anampeleka mwanawe wapi. Nasema twapima kisichostahili kupimwa.

Tufanye hesabu. Tuseme shule mbili za jirani zilipokea watoto mia mia katika Kidato cha Kwanza. Ya kwanza iliwabana walio wazito wa kuelewa hata wakakata tamaa. Wakafika 50 tu kwenye mtihani, wakafaulu 45. Ya pili iliwashika wote 100, wakafaulu 60. Barazani ya kwanza yasifiwa kwa asilimia 90, na ya pili yachekwa kwa asilimia 60. Je, ni ipi iliyowafaa watu wa kata? Na wale 50 waliopotea njiani, ni nani aliyewauliza?

Hapo ndipo penye hatari. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Shule isifiwayo kwa asilimia hujifunza upesi kwamba njia nyepesi ya kupanda si kufundisha, bali ni kupunguza. Tangu Novemba 2021 msichana aliyeacha masomo kwa kupata mimba ameruhusiwa kurudi darasani. Basi mkuu wa shule atampokea kwa moyo gani, ikiwa twamfundisha kumwona binti huyo kuwa doa katika hesabu yake?

Tena wako wanaozilinganisha shule hizi na Ilboru, Kibaha au Mzumbe, ambazo hupewa wanafunzi waliochaguliwa kwa ufaulu wao. Shule ya kata humpokea mtoto wa jirani jinsi alivyo, ambaye jana alifundishwa kwa Kiswahili na leo afundishwa kwa Kiingereza. Kulinganisha hivyo ni kumsifu mvuvi kwa samaki aliyepewa na mwenzake.

Shauri langu ni hili. Kila shule na ibandike mlangoni hesabu nne: walioingia Kidato cha Kwanza, waliofika Kidato cha Nne, waliofaulu, na idadi ya walimu wa hisabati na sayansi. Nanyi wazazi, mwendapo mkutanoni, msiulize kwanza, "Tumekuwa wa ngapi?" Ulizeni, "Wako wapi wasiofika?" Shule isiyoweza kujibu swali hilo haistahili sifa, hata ikiwa ya kwanza katika wilaya nzima.