Redio ya memori kadi: tuichague kwa masikio, si kwa mshindo



Kila mwaka, kuanzia mwezi wa Oktoba, minada ya korosho ya RUNALI, chama kikuu cha wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, hufunguliwa, na baada ya muda fedha za mkulima huingia katika akaunti yake. Likishaondolewa deni la salfa, ada za shule na bati za nyumba, hubakia kitu kidogo cha kuifurahisha familia. Hapo ndipo baba au mama hujikuta amesimama mbele ya meza ya mchuuzi iliyojaa vifaa vya kusikilizia: redio ndogo ya memori kadi inayoenea kiganjani, spika ya bluetooth yenye taa za rangi, sabufa ya kubebwa begani, na hedifoni za kuchomeka masikioni zilizoning'inizwa kama shanga. Makala yetu ya leo imekusudiwa mzazi huyo, kabla hajaingiza mkono mfukoni.

Hatukusudii kuifufua khitilafu ya wanazuoni juu ya ala za muziki. Jambo hilo lina wenyewe na lina mahali pake. Nyumba isiyoruhusu hata zumari moja hununua kifaa hiki kwa ajili ya Qur'ani, mawaidha, kaswida na taarifa ya habari. Na nyumba inayosikiliza taarabu hununua kifaa hicho hicho, kwa bei ile ile, kutoka kwa mchuuzi yule yule. Tunayoyasema yanazihusu nyumba zote mbili.

Mchuuzi kwa kawaida huonyesha sifa moja tu, nayo ni mshindo. Hufungua sauti hadi mwisho, meza ikatetemeka, wapita njia wakageuka, na mnunuzi akaamini kuwa amepata kitu cha thamani. Kwa hakika hicho ndicho kipimo kibaya kuliko vyote. Spika ndogo ikisukumwa hadi mwisho wa uwezo wake huanza kukwaruza, na katika makelele ya gulio sikio halitambui mkwaruzo huo. Mnunuzi mwenye busara hufanya kinyume chake. Huomba kifaa kiwekwe sauti ya chini, husogea pembeni, na husikiliza mtu anayezungumza: msomaji wa habari wa TBC Taifa, au sheikh anayetoa darsa. Iwapo kila neno linasikika wazi katika sauti hiyo ya chini, spika hiyo ni njema. Iwapo maneno yanavurugika na kinachobaki ni mngurumo wa besi, basi umeonyeshwa ngoma, hukuonyeshwa redio.

Kwa anayenunua ili watoto wake wasikilize Qur'ani, jambo hili ni zito zaidi. Tofauti baina ya siin, swaad na thaa imo katika sauti nyembamba za juu, na sauti hizo ndizo za kwanza kupotea katika spika duni au katika faili iliyobanwa mno ili ichukue nafasi ndogo. Mtoto wa madrasa anayejifunzia kutoka katika kifaa cha namna hiyo hurudia alichokisikia, nacho alichokisikia ni herufi moja badala ya tatu. Maalimu ndiye atakayetaabika kumrekebisha. Mwaka 1961 Misri ilitoa katika santuri kisomo kamili cha Qur'ani cha Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary, na sababu mojawapo iliyokifanya kisomo hicho kipendwe na walimu ni jinsi kila herufi inavyotoka mahali pake. Kumwekea mtoto kisomo kama hicho kisha kukipitisha katika spika inayokwaruza ni kumwaga asali katika kibuyu kilichotoboka. Ombeni faili zisizopungua kilobiti 128 kwa sekunde; vijana wa vibandani wanalijua neno hilo hata kama wazee hatulijui.

Hesabu yake si ngumu. Kwa kiwango hicho dakika moja ya sauti huchukua takriban megabaiti moja. Msahafu mzima, kwa kisomo cha wastani cha kiasi cha saa 30, hauzidi gigabaiti 2. Kwa hiyo kadi ya gigabaiti 4 inaubeba Msahafu na nafasi ya mawaidha ikabaki. Nani basi anahitaji kadi iliyoandikwa 64 au 128 kwa bei ya kutupa? Kadi nyingi za namna hiyo ni za udanganyifu: zimeandikwa namba kubwa, ndani hakuna uwezo huo, na faili za mwisho huingia juu juu zisicheze kamwe. Aidha, redio nyingi ndogo hazisomi kadi inayozidi gigabaiti 32. Chukueni ndogo, ijazwe mbele yenu, kisha ombeni ichezwe faili ya mwisho kabisa, si ya kwanza. Mwezi Juni mwaka 2016 TCRA ilizizima simu bandia kwa kutumia namba zake za utambulisho. Memori kadi haina namba ya kuzimiwa, na mlinzi wake ni mnunuzi mwenyewe.

Tukiwa bado kibandani, lipo la yaliyomo ndani ya kadi. "Mzee, nikuwekee zipi?" huuliza kijana. "Weka tu mwanangu, zilizo nzuri." Kijana hunakili kila alichonacho kwa mkupuo mmoja. Jioni mkwe amekuja kusalimia, watu wameketi barazani, redio inamaliza kaswida na kuruka yenyewe kwenye wimbo wa matusi ya nguoni. Kila mtu anatazama chini. Mwenye nyumba anabonyeza vitufe asivyovijua na sauti inazidi kupanda. Mzazi asiyemruhusu mgeni asiyemfahamu kulala nyumbani kwake amemkaribisha mgeni huyo kwa hiari yake na amelipa. Kijana hana kosa kubwa, maana aliulizwa vizuri akajibiwa ovyo. Andikeni katika karatasi mnachokitaka, hata kama ni mambo matano tu, na kadi iwe na hayo matano.

Kuhusu betri tuseme kwa ufupi. Chagueni kifaa ambacho betri yake hutolewa kwa mkono na hupatikana katika duka la kawaida, kama ile bapa ya simu za zamani za Nokia, na ambacho tundu lake la chaja linafanana na la simu iliyomo nyumbani. Kifaa kilichozibwa, betri yake ikifa, nacho kimekufa. Kwa vijiji vinavyochajia kwenye sola hili ni la msingi kuliko taa za rangi, ambazo kazi yake kubwa ni kuimaliza chaji.

Sasa tuje katika jambo linalotutia hofu zaidi, nalo ni masikio ya vijana wetu. Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo: mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki bila kujidhuru, na kwa mtoto kipimo hicho ni desibeli 75. Wengi hawatambui jinsi muda huo unavyopungua kwa kasi sauti inapopanda. Kwenye desibeli 90, kelele inayokaribia ile ya mashine ya kusaga, saa 40 zimekuwa 4. Kwenye desibeli 100, ambazo hedifoni nyingi hufika zikifunguliwa hadi mwisho, muda uliobaki ni dakika 20 tu, si kwa siku, bali kwa wiki nzima. Shirika hilo linakadiria kuwa vijana zaidi ya bilioni 1 duniani wamo katika hatari ya kudhoofisha usikivu wao kwa usikilizaji wa namna hiyo. Ndani ya sikio mna seli zenye vinyweleo vidogo mno zinazopokea sauti, na zikifa hazioti tena. Hakuna dawa ya kuzirudisha. Kijana haumii, wala hatoki damu; ila baada ya miaka kadhaa huanza kuuliza "unasemaje?" mara mbili mbili, na mwalimu darasani humdhania kuwa ni mtoro wa akili.

Kipimo cha nyumbani kipo, wala hakihitaji mashine. Simama umbali wa urefu wa mkono, zungumza kwa sauti yako ya kawaida. Aliyevaa hedifoni asipokusikia, sauti yake imezidi. Aidha, isivuke kiasi cha asilimia 60 ya uwezo wa kifaa. Na kwa kijana wa bodaboda anayeendesha kati ya Nachingwea na Masasi huku masikio yote mawili yamezibwa, asilimia si hoja tena, maana lori lililo nyuma yake haliingii katika hesabu hiyo. Huyo azivue hadi atakapofika.

Hedifoni zina athari nyingine isiyopimwa kwa desibeli. Tangu kampuni ya Sony ya Japani ilipotoa Walkman mwaka 1979, kusikiliza kumezidi kuwa jambo la mtu mmoja. Lakini sisi Watanzania tuna kumbukumbu nyingine. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi nchi nzima, redio moja kwa kikundi kizima, wakasikiliza kipindi, wakakijadili, kisha wakaondoka kwenda kuchimba vyoo. Redio ilikuwa chanzo cha mazungumzo, haikuwa mbadala wake. Leo zipo nyumba ambamo watu wanne wameketi ukumbi mmoja, kila mmoja na waya wake, na hakuna ajuaye mwenzake anasikiliza nini. Kwa maoni yetu, familia yenye fedha ya kifaa kimoja inunue redio yenye spika, ikae mahali pa wote, na hedifoni zisubiri. Nusu saa baada ya Magharibi, darsa moja, kisha izimwe na watu waulizane walichokielewa: hiyo ni faida kuliko redio nne.

Kukaa mahali pa wote hakumaanishi kuwafikia majirani wote. Wapo wanaoamini kwamba kikiwa ni kisomo cha Qur'ani basi hakuna mwenye haki ya kulalamika. Abu Daud amepokea kwamba Mtume (S.A.W.), akiwa katika itikafu msikitini, aliwasikia watu wakisoma kwa sauti za juu, akafunua pazia na kuwakataza wasiudhiane kwa visomo vyao. Ikiwa wasomaji wenyewe walikatazwa, sabufa iliyoachwa ikinguruma hadi usiku wa manane, karibu na mgonjwa au mzazi mwenye mtoto mchanga, itatetewa kwa hoja gani? Vilevile Suratul A'raf, aya ya 204, inatutaka tunyamaze na kusikiliza Qur'ani inaposomwa. Kuiacha ikicheza mchana kutwa kama pambo, huku chini yake watu wanapatana bei ya korosho na kusengenyana, ni kuikosea heshima iliyokusudiwa. Na kwa asiyeguswa na hayo, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazihesabu kelele kuwa ni uchafuzi.

Limebaki la mwisho, nalo husahaulika kwa kuwa wanaokwenda gulioni ni wenye macho mazima. Katika nyumba zetu nyingi anayekaa na redio kutwa ni bibi. Wengine wapo shambani, shuleni au kwenye bodaboda. Kifaa chenye vitufe vidogo kama punje za ulezi, vinavyofanya kazi tatu kila kimoja, si chake. Ndugu mzazi, ikiwezekana nenda naye. Mkabidhi kifaa, mwache apapase mwenyewe kitufe cha kuwashia, cha kupunguzia sauti na cha kuzimia. Akishindwa kukizima mara tatu, kirudishe mezani uchukue kingine.